Trela si jaa la matairi chakavu

Mwezi wa Shaaban ukielekea ukingoni, njia za kwenda Kusini Unguja hujaa pikapu zinazovuta matrela. Watu wanakwenda kuvunja jungu, ile karamu ya kuagana na kula mchana kabla ya Ramadhani: mahema, majamvi, masufuria ya biriani, mapipa ya maji, jenereta la kukodi, maspika, na juu ya mzigo huo watoto wamekaa wanapunga mikono. Kila mtu anatazama mahema na kusikiliza muziki. Mimi natazama chini. Mara nyingi nakuta hivi: matairi ya mbele ya pikapu mapya yanang'aa, ya nyuma afadhali, na ya trela ni mawili yasiyofanana hata saizi, moja kipara na jengine limepasuka pasuka ubavuni. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia, "Ah, hilo trela tu."

Hapo ndipo tunapoachana. Kwangu mimi mtu anayevuta trela hana ruhusa ya kununua matairi kwa kutazama kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga njia. Asome ubavu. Na tairi lililochoka kwenye gari lisishushwe daraja likaenda kumalizia umri wake chini ya trela, kwa sababu trela halina usukani wala mara nyingi halina breki. Likipasuka tairi, hakuna dereva wa kulirekebisha isipokuwa gari iliyo mbele yake, ambayo wakati huo inavutwa mkia.

Nianze na ubavu. Juzi juzi nilikuwa dukani mjini, mteja ana pikapu ya zamani ya rimu 14 na anataka matairi mawili ya nyuma. Muuzaji akamtolea 195/70R14. Mteja akauliza, "Zitabeba lakini? Maana navuta trela." Akajibiwa, "Mjomba, hizi ni 14 na gari yako ni 14, zinakaa bila wasiwasi." Zinakaa kweli. Lakini kukaa kwenye rimu ni jambo moja na kubeba ni jambo jengine kabisa.

Karibu na maandishi ya saizi kuna namba ndogo ambayo wengi hawaitazami. Kwenye hizo 195/70R14 za kawaida, za gari ndogo, utakuta 91. Kwenye jedwali la watengenezaji 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. Sasa chukua 195R14C, ile yenye herufi C mwishoni na 8PR (kipimo cha nguvu ya tairi), ambayo ndiyo ya pikapu na magari ya mizigo. Hiyo imeandikwa 106/104: namba ya kwanza ni ya tairi lililofungwa peke yake, ya pili ni ya tairi lililofungwa mapacha. 106 ni kilo 950. Rimu ni ile ile, upana ni ule ule, lakini ekseli moja ya nyuma inapewa uwezo wa kilo 1,230 na nyengine kilo 1,900. Na kilo hizo si za mzigo peke yake. Ndani yake mna chuma cha gari yenyewe kinacholalia nyuma, mna watu waliokaa kwenye bodi, mna magunia, na mna mzigo wa trela unaokandamiza mahali linapofungwa.

Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Watu hudhani trela linajibeba lenyewe kwa kuwa lina magurudumu yake. Sehemu kubwa ndiyo, lakini si yote. Trela lililopangwa vizuri hukandamiza ndoana kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Trela la kilo 700 litakandamiza kama kilo 70. Na kwa kuwa ndoana iko nyuma ya ekseli, uzito ule unakuwa na mkono mrefu: matairi ya nyuma yanahisi zaidi ya hizo 70, na mbele gari inakuwa nyepesi. Ukiwa na matairi laini ya gari ndogo pale nyuma, ubavu wake unapinda kulia na kushoto kila trela linapotikisika, na trela linaanza kuyumba. Dereva anadhani ni upepo wa bahari.

Kwa hiyo kwa pikapu inayovuta, mimi sina mjadala: C au LT, zote mbili alama za matairi ya mizigo, na namba ya kubeba isishuke chini ya ile ya matairi iliyotoka nayo kiwandani. Herufi ya kasi inayofuata namba hiyo nisiipigie kelele. Q ni kilomita 160 kwa saa, na sijui Unguja hii utazipata wapi.

Kashata zenyewe sasa. Vijana wanapenda yale ya M/T, ya matope, yenye meno makubwa, gari inaonekana imepanda hewani. Ni haki yao, lakini wakumbuke kwamba sehemu kubwa ya safari zetu ni lami, na lami ikilowa mvua za masika meno makubwa yana mpira mchache unaogusa chini. Gari yenye trela nyuma tayari inachelewa kusimama, usiongeze sababu. Pia yanavuma, mpaka waliokaa nyuma hawasikilizani. A/T, ya njia mchanganyiko, ya wastani inatosha, na mtu asiyetoka kwenye lami hata H/T, ya barabara kuu, inamtosha.

Kinachonifanya nitake A/T si matope, ni mawe. Anayeijua Unguja anajua kwamba upande wa magharibi kuna udongo, na ukishaingia Kusini na Mashariki unakanyaga uwanda wa mawe ya matumbawe. Njia za kushuka pwani kule, ukiacha lami, zina ncha zilizochomoza kama msumeno. Jiwe la matumbawe halina shida na kashata, shida yake ni ubavu. Msumari kwenye kashata fundi pancha anauchomoa, anaziba, unaendelea na safari. Ubavu ukichanwa, tairi hilo kwisha. Najua wapo wanaotia kiraka kwa ndani na tyubu juu yake kisha wanaendelea kubeba, na mafundi wetu ni hodari kweli, lakini tairi la namna hiyo kazi yake ni kwenye gari ya ng'ombe, linalokwenda mwendo wa ng'ombe. Ndiyo maana wakati wa kununua nauliza ubavu una tabaka ngapi, na yakipatikana yenye tabaka tatu naongeza pesa bila kinyongo. Ile 8PR, kwa taarifa, siku hizi si hesabu ya tabaka halisi, ni kipimo cha nguvu tu. Yapo ya 10PR, magumu zaidi. Kwa pikapu ambayo siku nyingi inatembea tupu nayaona ni mateso ya uti wa mgongo.

Kuna na ugonjwa wa kupandisha saizi. Mwenye Hilux iliyokuja na 265/65R17 anafunga 285/70R17 kwa sababu zinajaza bodi. Tairi linaongezeka kimo kwa kiasi cha asilimia 7. Kwa dereva wa kawaida ni urembo. Kwa anayevuta trela ni kama kuondosha sehemu ya gia ya kwanza: injini inahangaika zaidi kupandisha mlima, breki zinapata kazi zaidi, na saa ya mwendo ikisema 80 wewe uko kwenye 85 na kitu. Halafu mtu anakuja kulalamika kwamba gari haina nguvu.

Turudi kwenye trela, maana ndilo linaloniudhi. Tairi la gari hufa kwa kutembea. Tairi la trela hufa kwa kukaa. Trela linawekwa chini ya mwembe miezi na miezi, jua linalipiga, hewa ya chumvi inakula rimu na beringi, upepo unapungua kidogo kidogo mpaka ubavu unalalia chini. Siku ya safari linajazwa upepo haraka haraka, kashata ziko zote, mwenyewe anasema bado jipya. Bonyeza ubavu kwa dole gumba uutazame karibu: ukiona nyufa nyembamba zimejipanga pale mpira unapopinda, mpira ule umekauka. Ukiupa mzigo na upepo mdogo, ubavu unapinda na kunyooka kila mzunguko, unapata moto, na mpira unaachana na waya zake. Tairi dogo la trela linazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita kuliko la gari, kwa hiyo moto wake unakuja mapema zaidi.

Umri wake husomi usoni, unasoma kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT. Mwisho wa maandishi hayo kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tatizo ni kwamba matairi mengi yana tarakimu hizo upande mmoja tu, na upande huo ukigeuzwa ndani utaona DOT isiyo na mwaka. Basi lala chini uchungulie, au tairi lisifungwe kabla hujageuziwa. Michelin wanashauri tairi libadilishwe likitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa, hata likionekana zima. Mimi kwa trela linaloanikwa kwenye jua letu sifiki huko. Sita au saba yananitosha.

Hapa ndipo matairi ya mitumba yanaponitia wasiwasi. Sisemi mtu asinunue; wengi wetu bila ya mitumba tusingetembea. Lakini mtumba hupakwa dawa nyeusi ukawa unang'aa kuliko mpya, kwa hiyo chukua tambara na maji, futa, kisha ndiyo usome. Pitisha kidole ndani ya mifereji. Kuna yaliyochongwa upya kwa kisu cha moto, kashata zinaonekana ndefu na chini yake hakuna mpira wa maana. Na ukikuta ubavuni pameandikwa STUDLESS, rejesha. Hilo ni tairi la theluji la Japani. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi, na kwenye lami ya saa nane mchana hapa kwetu unayeyuka maisha yake huku unayumba.

Upepo: nunua kipimo chako mwenyewe. Pima asubuhi, gari haijatembea, jua halijapanda. Soma kibandiko cha mlangoni kwa dereva, fuata ya gari iliyobeba si ya gari tupu, na usitoe upepo kwa sababu tu tairi limepata moto njiani. Tairi la C la 8PR hufika psi 65 (psi ndiyo kipimo cha upepo) au karibu yake linapobeba uwezo wake wote, kwa hiyo kijana wa kujaza upepo anayetia 35 kila kinachosimama mbele yake anakufanyia ubaya bila kujua. Ukishuka kwenye mchanga ni kinyume: punguza mpaka 20 hivi, la trela nalo upunguze, nenda polepole, na uwe na pampu ya kuchomeka kwenye betri ili urejeshe kabla hujapanda lami.

Upangaji wa mzigo nao unaingia humu humu. Mapipa ya maji na jenereta yakae mbele kidogo ya magurudumu ya trela, majamvi na mahema nyuma. Ukigeuza, mkia unakuwa mzito na hakuna tairi la kukuokoa. Na trela lisilo na breki lisizidi kilo 750, ambacho ndicho kiwango kinachoandikwa kwenye vitabu vya pikapu nyingi, Hilux ikiwemo. Maji peke yake, mapipa matatu ya lita 200, ni kilo 600.

Kama unachongesha trela jipya, mwambie fundi aweke habu zinazokubali rimu za gari yako. Spea moja itafaa pande zote mbili, na spana ni ile ile.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la pesa: nina ya matairi mawili tu, niyaweke wapi? Nyuma ya gari, yote mawili, ya aina moja, na yale ya nyuma yaliyo na uhai yahamie mbele. Si kwenye trela. Trela libaki chini ya mwembe mpaka pesa yake ipatikane, na jungu la mwaka huu livunjwe uani.