Siku ya utamaduni shuleni, halafu siku zingine zote je?

Kwenye shule moja ya msingi hapa Tanga mjini niliiona siku ya utamaduni ilivyo. Watoto wameazimishwa mashuka ya Kimasai na sidhani kama palikuwa na Mmasai hata mmoja, spika kubwa uwanjani, mdumange kidogo, sindimba kidogo, mgeni rasmi akaongea wee, pilau, kwisha habari. Baadhi ya wazazi wanasema haitoshi, wanataka tamaduni za watu ziwemo kwenye masomo na maktaba mwaka mzima. Wengine hawataki hata kusikia, wanasema hapo mnafungulia ukabila mlango.

Hao wa ukabila usiwacheke. Baada ya uhuru nchi hii iliyashusha makabila kwa makusudi na kukitanguliza Kiswahili, na matunda tunayala mpaka leo, Msambaa anaoa Mdigo na ugomvi mkubwa unakuwa mahari tu. Halafu mwalimu mwenyewe ana darasa limefurika, mtaala ndo kwanza umebadilishwa 2023, unamwongezea nini tena? Na nani atachagua kipi kiingie? Baikoko, ile ngoma ya kukata viuno, ni ya kwetu hapa hapa Tanga lakini hakuna mtu mwenye akili zake atakayeipeleka darasa la nne, na mambo ya unyago yana wenyewe na yana wakati wake.

Sawa, ila hofu hiyo inachukulia kwamba tukinyamaza watoto wote wanakuwa sawa, na mi naona sivyo, tukinyamaza wanaobaki kwenye picha ni walewale wa siku zote. Chukua mkonge. Kila mtoto wa Tanga anaambiwa Mjerumani Hindorf aliuleta 1893, basi. Waliokata huo mkonge je? Manamba, yaani vibarua wa mashamba, walitoka Kigoma, Songea, Njombe, wengine Msumbiji, wakaishi kwenye kambi za mashamba, na wajukuu zao leo wamejaa Muheza na Korogwe wanasoma historia ya zao ambalo babu zao walilikata kwa mikono yao na hawamo hata kwenye sentensi moja. Shaaban Robert mwenyewe, aliyezaliwa Vibambani 1909, asili ya wazazi wake ni Uyaoni, na hakuna anayebisha kuwa ni wa Tanga.

Na Mbega sasa! Mwindaji mgeni kutoka milima ya Nguu anaingia Usambaa, anagawa nyama, anapendwa, anaishia kuwa mtawala. Hiyo hadithi inafunza ukabila wapi, wakati mtawala mwenyewe ni wa kuja? Tena msiniambie vitabu hakuna, Habari za Wakilindi, yaani ukoo huo wa Mbega, kiliandikwa kwa Kiswahili na sehemu yake ya kwanza ilichapwa Magila, hapo Muheza, mwaka 1895. Tatizo ni nani atakikuta.

Kwenye shule hiyo hiyo maktaba ni kabati la chuma nyuma ya ofisi ya walimu, lina kufuli, ufunguo anao mwalimu mmoja na siku hiyo alikuwa semina. Alipopatikana likafunguliwa, ndani kiada tupu, vingi vya mtaala wa zamani, na kamusi isiyo na jalada. Kwa hiyo mi nasema tuanzie kabatini. Kitabu cha hadithi hakihitaji kipindi wala mtihani, mtoto akikipenda atakisoma akiwa wa kabila lolote. Hiyo pilau na spika ya siku moja si hela? Nusu yake inunue vitabu.

Ya mtaala niko nusu nusu. Somo jipya la utamaduni sitaki, litakuwa la kukariri tu, ngoma ya Wazigua ni ipi, chagua jibu sahihi. Lakini Historia ya Tanzania na Maadili ipo tayari, mwalimu akifika kwenye mashamba ya wakoloni awatume watoto wakamuulize bibi alikuja Tanga kufanya nini, waje wasimulie. Hapo hakuna anayeongezewa kipindi. Shida nayoiona ni sekondari, kule historia ya dunia na ya Afrika inafundishwa kwa Kiingereza na hayo majibu ya bibi itabidi yatafsiriwe kwanza ndo yaingie daftarini, na wengi hawatahangaika, sasa hilo sijui wizara wanalionaje.