Huku raha ni pesa

Nikiwa bado mgeni kwenye darasa la Kifini, mwalimu aliandika ubaoni: *Minulla ei ole rahaa*. Maana yake "sina pesa", na ile *a* ya ziada ni mambo ya sarufi yao tu. Mimi nilisoma "sina raha", nikacheka peke yangu kiti cha nyuma, kwa sababu mwezi ule vyote viwili vilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo maneno ya Ufini yananitega kila kona. Vibao vya mitaani vimejaa *kuja*, kumbe ni kichochoro. *Hai* ni papa, *tai* ni "au", *sana* ni neno. Vijana wakisema wanaenda *sali*, usiwape hongera: wanaenda kunyanyua vyuma. Siku moja nilikuta tangazo kwenye ngazi za jengo letu limeandikwa *hana* kwa herufi kubwa. Nikasimama pale na mifuko mkononi nikijiuliza nani huyo hana, na hana nini. Kumbe ni koki, na ya watu fulani ilikuwa inavuja.

Wenzangu wengine wakishakusanya orodha kama hii, huanza kutunga historia, eti Wafini na sisi tuna babu mmoja. Mimi siingii huko. Lugha zote mbili zinapenda silabi fupi na maneno yanayoishia na irabu. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, wao wanakaza ya kwanza. Neno likiwa na silabi mbili tu, mkazo unaangukia pahali pamoja. Kwa mtindo huo maneno yasipogongana ndipo tungeshangaa.

Raha yetu ni ya Kiarabu, *rāḥa*, mapumziko, na mzizi wake ndio uliotupa roho pia. Raha yao zamani ilikuwa ngozi ya manyoya, enzi ambazo watu walilipana kwa ngozi, na neno lenyewe waliazima kwa wazee wa Kiswidi na Kijerumani. *Kumi* kwao ni mpira, neno lililosafiri kutoka Misri ya kale kupitia Kigiriki, Kilatini na Kiswidi. Kumi yetu ni ya Kibantu kabisa, na ukitaka kuwaona ndugu zake, wapo: Wazulu wanasema *ishumi*, Washona *gumi*, Waganda *kkumi*. Hawakufanana sawasawa, ila hiyo *g* ya Washona na *kk* ya Waganda hazikuja ovyo. Zinafuata kanuni utakazozikuta kwenye maneno mengine pia. Undugu wa lugha hutafutwa humo, kwenye tofauti zenye utaratibu.

Hata maana ikilingana, bado usiapie. Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland kule Australia, mbwa aliitwa *dog*. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alilifuatilia, akakuta limetokana na *gudaga*, neno la huko huko. Waingereza hawakuhusika.

Kinachonikera zaidi ni mjadala wetu wa nyumbani. Mtu anahesabu maneno kama raha, roho na sukari, kisha anatangaza kwamba Kiswahili ni Kiarabu. Anajibiwa na mwingine aliyekasirika, anayekana kuazima hata yale ambayo yana cheti cha kuzaliwa. Njooni mwone hawa. Mama kwa Kifini ni *äiti*, na hilo nalo ni la kuazima, kutoka kwa wale wale waliowapa raha. Neno lao la asili, *emo*, limebaki kwa mama wa wanyama. Fikiria, mama! Na sijakutana na Mfini aliyelikosea usingizi, wala anayedhani kwamba kwa sababu hiyo lugha yake ni Kijerumani. Sarufi yao ni yao, kama ngeli zetu zilivyo zetu.

Halafu kuna maneno ambayo hayafanani hata kidogo na bado yana babu mmoja. Mtoto wangu huku anakwenda *koulu*. Mimi nilikwenda shule. Shule tuliachiwa na Wajerumani. *Koulu* imetoka Uswidi, *s* ya mwanzo ikadondoka njiani kwa kuwa Kifini cha zamani hakikuvumilia konsonanti mbili zikifungua neno. Nyuma yao wote wawili ni Kilatini *schola*, na nyuma yake Kigiriki *skholē*, ambacho maana yake ya kwanza ilikuwa wakati wa mapumziko, yaani raha.

Nilimweleza mwanangu hilo asubuhi moja akiwa anavaa viatu, nje bado giza. Alinitazama, akafunga kamba ya pili, akatoka bila kujibu.