Mama Salma, Usipampu!

Gari letu ni Nissan Leaf ya 2014, gari la umeme. Lilishuka bandarini Mombasa mwaka 2021, likiwa limebakisha kidogo kufikisha ile miaka 8 ambayo Kenya inaruhusu gari la mtumba kuingia nchini, na mpaka leo halijajifunza Kiswahili. Ukiliwasha tu, kuna bibi wa Kijapani ndani ya dashibodi anakupokea kwa maneno marefu yenye adabu. Miaka miwili nilikuwa najua ananisalimu. Baadaye fundi mmoja akanifafanulia kuwa hasalimu mtu: analalamika kwamba sijatia kadi ya kulipia barabara za Japani. Nikaendelea kumwitikia "marahaba" vilevile. Mazoea yana tabu.

Sasa, gari la umeme lina sifa mbili, na zote mbili ndizo zilizoniponza.

Ya kwanza, breki zake karibu hazifanyi kazi. Ngoja nieleze kabla hujamwita trafiki. Ukiinua mguu kwenye mafuta (tunasema mafuta kwa mazoea tu, mafuta yenyewe hayamo), mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri na papo hapo inalikaba gari lipunguze mwendo. Ukiweka gia kwenye B inakaba zaidi. Mimi Nyali na kurudi naweza kwenda bila breki zenyewe kuguswa ila pale mwisho kabisa. Pedi zimekaa kule kwenye magurudumu kama mgeni rasmi harusini: yupo, anaonekana, hashiki sufuria. Kwa watu wa bara hiyo ni raha, pedi zinakwenda miaka na miaka. Sisi tunaoishi Tudor, tunaolala na upepo wa chumvi ya mlango wa bahari, chuma kisichosuguliwa kinaota kutu huku unakitazama. Kuanzia Januari gurudumu la mbele kushoto likaanza kulia kila asubuhi, krrrii, krrrii, kama mlango wa gofu. Gari ambalo halina sauti, ukiongeza krrrii, mtaa mzima unajua saa unayotoka kwako.

Sifa ya pili ni baridi. Gari hili halihitaji injini ingurume ndipo AC ifanye kazi. Unaliwasha, liko kimya, na baridi inamiminika. Betri yake imechoka, vile vipau 12 ilivyozaliwa navyo vimebaki 9, lakini kukaa kwenye baridi saa mbili hakuisumbui. Kwa hiyo kwetu stima ikipotea, hatuhangaiki na vipepeo. Tunahamia garini. Binti yetu Salma anafanyia kazi zake za shule mle, mama yake anateremka na kahawa. Wenyewe wanakiita Chumba cha Japani.

Hiyo sifa ya pili ndiyo niliyosahau.

Jumamosi hiyo ya kaskazi, joto la kuyeyusha soli ya ndara, nikaamua breki nitazihudumia mwenyewe. Nilikuwa nimetazama video tatu. Moja ni ya mzee wa nchi za baridi mwenye gereji safi kuliko jiko letu, anafungua kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) huku anapiga mluzi. Nikasema ikiwa huyu anapiga mluzi, mimi nitaimba. Nikaazima jeki na stendi kwa jirani yetu Ami, baharia mstaafu, ambaye huazima vitu kwa sharti moja: naye aje na kahawa yake akae barazani atoe ushauri.

"Pini za kalipa zikikwama," akaanza hata sijavua saa, "tia mafuta ya nazi."

Nikamweleza kwamba hapana, Ami, pini zile zimevaa vifuko vya mpira, na mpira wa breki ukiguswa na mafuta ya kawaida unavimba, pini ndiyo inakwama mara mbili. Kuna grisi yake maalumu ya silikoni, nimeshainunua. Akanitazama kama anavyotazama watabiri wa hali ya hewa.

"Haya, mtoto wa video."

Sasa naomba ushike ramani, maana kesi yote imekaa hapo. Gari nalipaki ubavu wa kushoto ukutani, nikiacha upenyo wa kupita mtu mmoja mwembamba, na mimi hupita kwa kujibana. Mtu akisimama mlangoni kwetu anaona ubavu wa kulia tu: magurudumu mawili, safi, hayana neno. Gurudumu nililolitoa ni lile la upande wa ukutani. Boneti ilikuwa juu, kweli, na kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki nilikuwa nimekifungua, kwa sababu ukirudisha pistoni ya kalipa ndani (ndiyo inayosukumwa na mafuta ibane pedi) mafuta yanapanda. Lakini boneti kuwa juu Jumamosi nyumbani kwetu si habari. Mama Salma amezoea: mumewe hufungua, hutazama, hutikisa kichwa, hufunga.

Kazi ilianza vizuri mno, na hapo ndipo ningeshtuka. Jiwe nyuma ya gurudumu la nyuma, stendi mahali pake, bolti mbili za kalipa zikafunguka. Pini ya juu ikateleza. Ya chini ikagoma, imeganda kwa kutu ya hudhurungi kama ukoko wa wali. Ugonjwa nimeuona! Pedi zenyewe nene, karibu mpya. Nikaifunga kalipa kwa waya wa hanga kwenye springi isije ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta, kama alivyofanya mzee wa mluzi, nikachuchumaa upenyoni na kipande cha msasa, nasugua pini. Mbele ya pua yangu, pistoni ya kalipa iko uchi, haina pedi, haina diski ya kuizuia. Inang'aa.

Hapo stima ikapotea. Nilijua kwa sababu spika za kinyozi zilikatika katikati ya neno na mtaa ukasema "Aaah!" kwa sauti moja.

Kitu kingine ambacho sijakitaja: asubuhi ile mama mkwe alikuwa ameingia kutoka Malindi na kikapu cha maembe. Nilimwamkia, nikamwambia Mama Salma, "Natoka kidogo." Maana yangu natoka nje. Yeye akaelewa natoka natoka.

Nikasikia mlango wa nyuma wa gari unafunguliwa. Nikasikia, "Ingia, Mama, pita huku, ujinyooshe kabisa." Gari likayumba kidogo juu ya stendi. Nikajua sasa lazima niseme kitu, lakini nilikuwa nimeuma kifuniko cha grisi mdomoni, na kabla sijakitema mlango ukafungwa, kisha wa dereva ukafunguliwa, na yule bibi wa Kijapani akaanza malalamiko yake ya kadi.

Gari hili haliwaki mpaka ukanyage breki.

Mbele ya macho yangu pistoni ikasogea. Kidogo tu. Ikatoka nje kama kichwa cha kobe kinachouliza kama mvua imekatika.

"Mama Salma!"

Vioo vimefungwa, AC imeshawaka, redio inapiga taarabu. Na hapa nimlaumu mwalimu wake wa udereva, ambaye aliwafundisha wanafunzi wote kanuni moja, na mke wangu hasahau alichofundishwa: breki ikizama, pampu mpaka ijae. Alikanyaga, akaiona imezama. Kwa hiyo akapampu. Lakini ijae vipi, na kila anapopampu mafuta yanaisukuma pistoni inayokimbilia kwangu? Anapampu ijae, haijai. Anazima, anawasha, bibi wa Kijapani anaanza upya na kadi yake. Anapampu tena.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi niliweka dole gumba juu ya pistoni nikaisukuma irudi. Halafu nikaongeza dole la pili. Hebu fikiria: breki iliyotengenezwa kusimamisha gari la karibu tani moja na nusu, na mimi naishindania kwa madole mawili yenye grisi. Kobe akaja. Taratibu, kwa heshima, hana haraka. Nikapiga bodi ya gari kwa kiwiko, bum, bum, bum.

Kutoka ndani nikasikia sauti ya mke wangu, kali: "Nyie watoto! Acheni kupiga gari la watu! Mwenyewe akirudi atawachapa!"

"Mwenyewe ni mimi! Mama Salma, usipampu!"

Akapampu.

Pistoni ilitoka na mlio wa kizibo cha soda. Ikanigonga kifuani, ikaangukia mchangani, na nyuma yake mafuta ya breki yakanijia usoni, kwenye miwani, kwenye kikoi, kwenye kifuniko cha grisi ambacho bado nilikuwa nimekiuma, na mengine yakatapakaa kwenye bodi nyeupe ya gari. Ubavuni limeandikwa Zero Emission, halitoi kitu. Lilitoa.

Miwani iliniokoa macho, alhamdulillahi. Lakini nilichokumbuka kutoka video ya pili ni kwamba mafuta ya breki yanakula rangi. Nikajichomoa upenyoni nikitambaa, nikakimbia nikachukua ndoo ya maji, nikarudi nikalimwagia gari. Nikachota ya pili, nikalimwagia gari. Nilipoinua kichwa, Mama Salma amesimama, mkono mdomoni, na kioo cha nyuma kinateremka polepole. Mama mkwe akachungulia kutoka kwenye baridi.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "na uso je?"

Lile swali bado linajadiliwa nyumbani kwetu. Ndoo mbili za kwanza zilikwenda wapi.

Ami kule barazani hakuinuka. Akamalizia kahawa, akakung'uta kikombe. "Mafuta ya nazi," akasema, "yangekuwa yananukia vizuri zaidi."

Kuliburuta hadi gereji haiwezekani. Magurudumu ya mbele yameshikana na mota, ukiliburuta yakizunguka unaichokoza mota kule ndani. Linatakiwa libebwe juu ya lori, na lori halipiti kwetu. Basi fundi akaja yeye, Jumatatu, juu ya bodaboda, kijana mwenye begi la laptopu na mfuko wa mipira mipya ya kalipa. Aliitazama pistoni, iliyokuwa imelala siku mbili kwenye bakuli la Salma la uji, akaitazama sura yangu, hakuuliza kitu. Akaisafisha, akabadilisha mpira wa ndani na kifuko cha nje, akairudisha mahali pake. Pini ya chini akaizungusha vidoleni, akasema kweli ilikuwa imeganda, na ningeliendesha hivyo pedi moja ingeisha upande. Tafadhali iandikwe hiyo. Ugonjwa niliuona.

Halafu akajipangusa mikono. "Sasa tutoe upepo kwenye mafuta. Nataka mtu wa kunipampia breki."

Kimya. Ami akakohoa. Mama mkwe akatazama maembe. Mama Salma akavua ndara, akaingia kiti cha dereva, akakaa wima kama anaenda kuapishwa.

"Pampu, mama... pampu... shika! Usiachie." Fundi akalegeza nipo ya kalipa (skrubu yenye tundu la kutolea upepo), mapovu yakapita kwenye mrija yakaingia kwenye chupa niliyokuwa nimeishika mimi, kwa kuwa kazi niliyopewa ilikuwa kushika chupa. "Funga. Achia. Tena." Akapampu kwa mpangilio, hakukosea hata mara moja, mpaka mrija ukapitisha mafuta matupu.

"Mama," fundi akasema, "umewahi kufanya kazi gereji?"

"Nilifundishwa vizuri," akajibu, akanitazama mimi.

Fundi akalichukua gari kulijaribu, tukapanda wote wawili. Tulipofika barabara iliyo tupu akatia gia N, akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena, mara kama tano sita. Upande wa kulia, ambao sikuugusa na ambao nao ulikuwa umeanza kulia kidogo, ukanyamaza kimya. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema kwenye N mota haikabi, kwa hiyo breki zenyewe ndizo zinazoshika, na kutu ya juu inasuguliwa.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Mara moja kwa wiki, kwa hapa pwani."

Sikuongea tena mpaka tukafika.

Jioni ile stima ikapotea tena. Kinyozi akakatika, mtaa ukasema "Aaah!" Mama mkwe akachukua kikombe chake cha kahawa akaelekea garini, Mama Salma nyuma yake na mto. Lakini hakuingia. Akazunguka mbele, akajibana na buibui lake mpaka kwenye upenyo wa ukutani, akainama, akatoka upande wa pili.

"Manne," akasema. Ndipo akafungua mlango.