Dionysus hakuwa mungu wa walevi

Waathene wa kale walikuwa na siku moja kwa mwaka ya kunywa divai bila kusema neno. Iliitwa Choes, yaani siku ya magudulia, nayo ilikuwa ya pili kati ya siku tatu za Anthesteria, sikukuu ya Dionysus, mungu wa divai wa Wagiriki, iliyofanyika baridi inapoanza kupungua. Kila mnywaji alikuwa na gudulia lake, la lita tatu hivi. Tarumbeta ikilia, wote walianza kunywa kwa pamoja, kimya, na wa kwanza kumaliza alitunzwa.

Desturi hii waliieleza kwa kisa cha Orestes, mwana wa mfalme katika hadithi za Kigiriki. Alifika Athens akiwa amemuua mama yake, na damu ile ilikuwa haijatakaswa. Kumfukuza mgeni ni aibu. Kuchangia naye chombo ni kujitia najisi. Basi ikaamuliwa kila mtu anywe kwenye chombo chake na asimsemeshe mwenzake. Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu. Ninavyokielewa mimi, mji mzima ulikubali upweke wa siku moja ili mpweke mmoja asione haya.

Watumwa nao walipata divai siku hizo. Watoto waliofikisha miaka mitatu walivikwa mashada ya maua na kupewa vigudulia vidogo, na baadhi ya vigudulia hivyo vimefukuliwa makaburini, vimezikwa pamoja na watoto wenyewe. Siku ya tatu ilipikwa nafaka mchanganyiko kwa ajili ya wafu.

Katika masomo ya fasihi, tukifika kwenye historia ya tamthilia, tunaandika daftarini kwamba tanzia, yaani mchezo wa kuhuzunisha, ilitokana na ibada ya Dionysus, mungu wa mvinyo, halafu tunahamia kwa mwanafalsafa Aristotle. Sentensi hiyo si ya uongo. Inaniudhi kwa sababu inamfanya mwanafunzi aone walevi wameimba mpaka wakagundua mchezo wa jukwaani kwa bahati. Wagiriki walimkabidhi mungu mmoja divai, jukwaa, wazimu na sehemu ya mambo ya kifo, nami naamini walijua wanachofanya. Katika yote hayo mtu anatoka nje ya nafsi yake, na akishatoka, swali kubwa ni nani atakuwa karibu naye mpaka arudi.

Angalia walivyoinywa divai yenyewe. Katika karamu zao iliwekwa kwenye bakuli kubwa katikati ya wageni, ikachanganywa na maji, wote wakateka humo humo. Aliyekunywa divai tupu alihesabiwa mshenzi. Tena walikuwa na hadithi ya kuogofya ya Ikarios, mkulima wa Attica, jimbo la Athens, aliyepewa divai na Dionysus mwenyewe. Akawagawia wachungaji, wao, kwa kuwa hawakuijua, wakadhani wamelishwa sumu, wakamuua. Binti yake Erigone alipoiona maiti akajinyonga. Watu waliosimulia hadithi hiyo kuhusu kinywaji chao kitakatifu hawakuwa wakikichukulia kwa wepesi.

(Divai kama zawadi ya wageni ilifika hata huku kwetu. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinapoeleza pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki yetu, na soko lake la Rhapta, kinasema wafanyabiashara walileta divai kidogo na ngano, si kwa kuuza, bali kwa kutafuta urafiki wa wenyeji.)

Kisha kuna Euripides, mtunzi wa tamthilia. Tanzia yake ya wafuasi wa Bakchos, jina jingine la Dionysus, ilichezwa Athens mwaka 405 K.K., yeye akiwa ameshafariki. Pentheus, mfalme wa Thebes, anamkataa Dionysus na kudai kwamba wanawake waliokwenda mlima Kithairon wamekwenda kulewa na kuzini. Mchungaji aliyewaona anamjibu waziwazi: walikuwa wamelala kwa staha, wala hawakuwa wamelewa kama unavyosema. Mfalme hasikii. Anapanda mlimani kuwapeleleza, na wanamrarua, mama yake Agave akiwa wa kwanza.

Agave anarudi mjini amebeba kichwa cha mwanawe akidhani ni cha simba, anajisifu kwa mawindo. Baba yake, mzee Cadmus, hamfokei. Anamwambia kwanza atazame mbingu. Je, inaonekana ile ile, au imebadilika? Anamuuliza aliolewa katika nyumba gani, alizaa mtoto gani. Ndipo anamuuliza: kichwa hicho ulichoshika ni cha nani? Swali kwa swali, mzee anamrudisha binti yake kwenye akili zake, huku akijua kinachomsubiri huko. Sijasoma ukurasa mgumu kuliko huo.

Nasema haya nikiwa nimemzika mjomba kwa sababu ya pombe. Miaka yake ya mwisho alikunywa peke yake, mlango umefungwa, na sisi tulipita nje tukinong'ona. Sitamsifia mtu chupa. Lakini nikisoma habari za Choes naona tofauti ambayo mahubiri niliyoyasikia msibani hayakuigusa. Wahubiri walizungumzia kinywaji tu, na mlango ule hakuna aliyeutaja.

Warumi, kwa maoni yangu, ndio waliokosea zaidi. Mwaka 186 K.K. Seneti, baraza lao kuu, ilizipiga marufuku ibada za Bacchus, kama walivyomwita Dionysus, katika Italia nzima. Nakala ya amri hiyo kwenye bamba la shaba ilipatikana Tiriolo, kusini mwa Italia, na leo iko Vienna. Isomeni muone walichoogopa. Haisemi neno juu ya kiasi cha divai. Inakataza kuwa na hazina ya pamoja, inakataza kuapishana, na bila kibali inakataza ibada ya watu zaidi ya watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Waliuvunja mduara.

Na thamani ya mduara huo inaonekana katika kisa alichokiandika Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyekuwa kuhani wa Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki. Wanawake wa Dionysus waliitwa Thyiades, nao walizunguka milimani usiku katika ibada zao. Wakati wa vita, watawala wa nchi ya Phocis walipokuwa wameiteka Delphi, wanawake hao walipotea usiku wakatokea mji wa Amphissa bila kujua. Akili zilikuwa hazijawarudia. Wakajitupa chini kwenye uwanja wa soko, huyu hapa, yule pale, wakalala. Mji ulikuwa umejaa askari, kwa kuwa Amphissa ilikuwa upande wa Phocis.

Wake wa Amphissa walihofu kwamba wageni hao watadhalilishwa. Wakatoka mbio majumbani, wakaja sokoni, wakasimama kuwazunguka. Hawakuwaamsha. Hawakusema neno. Walisimama hivyo mpaka wale wanawake walipoamka wenyewe, ndipo kila mmoja akamshughulikia mmoja, wakawapa chakula. Mwishowe, baada ya kupata ridhaa ya waume zao, wakawasindikiza salama hadi mpakani.