Muundo wa roboti uchaguliwe na jedwali au na majaribio?

Wiki ya pili ya msimu wa mashindano ya roboti ya shule, ubao umejaa michoro, kila mwanafunzi anatetea wake, na sauti moja inasema: tupige kura. Mlezi wa timu anakataa kura, anachora jedwali. Mawazo yanashuka upande wa kushoto, vigezo vinakaa juu, kila kigezo kina uzito wake, na mwisho kuna jumla. Wenye imani na jedwali wanasema ndiyo njia pekee ya haki. Wengine wanasema ni karatasi tu: chukueni kadibodi na mota mkaone. Kila upande una hoja nzito, na timu inayoshika upande mmoja tu huumia.

Tuchukue mchezo wa FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti za wanafunzi, wa msimu wa 2024 hadi 2025, ulioitwa Into The Deep, kwa sababu kanuni zake zilileta ubishi wa kweli. Roboti ilianza ikiwa ndani ya mchemraba wa inchi 18, yaani sentimita 45.7 kila upande. Kazi yake ilikuwa kuokota vipande vyenye urefu wa sentimita 9 na unene usiofika 4, kimoja kimoja, kwani kubeba viwili kwa pamoja kulikatazwa. Kipande kikitiwa kapu la juu, ambalo mdomo wake uko sentimita 109 kutoka sakafuni, ni pointi 8. Kikipelekwa pembeni, mchezaji wa kibinadamu akakifunga kibanio, na roboti ikakirudia na kukitundika kwenye ufito wa juu, ni pointi 10. Kuning'inia kwa roboti yenyewe mwisho wa raundi kulitoa pointi 15 kwa daraja la pili na 30 kwa la tatu.

Hapo ndipo penye swali: kapu au ufito? Kabla ya kubunga bongo juu ya mikono na koleo, fanyeni hesabu hii. Kipindi cha kuendeshwa na madereva ni sekunde 120. Safari moja ya kapu ikichukua sekunde 12, ni safari 10, pointi 80. Safari ya ufito ikichukua 15, ni safari 8, nazo ni pointi 80. Kwa hiyo ufito unashinda pale tu safari yake inapozidi ya kapu kwa chini ya robo, na ndani ya muda huo mhesabu pia mwendo wa kupeleka kipande kikafungwe kibanio. Kuning'inia nako kupimwe hivyo hivyo. Sekunde 20 za kupanda daraja la pili zinakula pointi 13 hivi za kapu ili kupata 15, hivyo faida ni ndogo. Zikiwa 10, faida ni dhahiri. Hesabu ya dakika tano namna hii huua mawazo mengi bila kumuumiza mtu, kwa kuwa aliyeyaua si mwenzake.

Sasa kubunga bongo kwenyewe. Desturi ni kukaa duara na kila mtu kutoa wazo kwa sauti, mtindo ulioenezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani. Lakini mwaka 1958 Taylor, Berry na Block wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba watu wanaofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakijumlishwa, hutoa mengi kuliko idadi ileile ikizungumza pamoja. Mwaka 1987 Diehl na Stroebe walibainisha sababu kubwa: mmoja akisema, wengine wanangoja, na wakingoja wanasahau au wanaliacha wazo lao. Katika timu za shule zetu kuna sababu nyingine juu ya hiyo. Mwanafunzi wa kidato cha pili hatampinga kaka wa kidato cha sita mbele ya mwalimu, hata akiwa na hakika kwamba mkono ule hautafika kapuni. Atanyamaza kwa adabu, na timu itaudhani ukimya wake ni kukubali.

Dawa yake ni karatasi. Njia ya 6-3-5, aliyoibuni Bernd Rohrbach wa Ujerumani mwaka 1968, inaweka watu 6, mawazo 3 kila mmoja, dakika 5, kisha karatasi inapewa wa jirani ili aongeze yake. Baada ya mizunguko sita, yaani nusu saa, kuna nafasi 108 za mawazo. Mkiwa wanne, mizunguko minne inaleta 48 kwa dakika 20. Mengi yatafanana, na hilo si kasoro: wazo lililozuka kwenye karatasi tatu tofauti lina kitu ndani yake. Jambo la kusisitiza ni mchoro. Anayeandika "mkono unaorefuka" hajasema kitu. Achore mota iko wapi, kamba inapita wapi, na kipande kinashikwa upande gani.

Baada ya hapo jedwali lina kazi yake, nalo lina hila yake. Tuseme mna mawazo mawili na vigezo vitatu, alama 1 hadi 5. Wazo la koleo linalobana kipande lina kasi 3, uhakika 4, urahisi wa kujenga 5. Wazo la magurudumu ya mpira yanayomeza kipande lina 5, 3 na 3. Mkiipa kasi uzito wa 3, uhakika 5 na urahisi 4, koleo linapata 49 na magurudumu 42. Mkiipa kasi 5, uhakika 3 na urahisi 2, koleo linapata 37 na magurudumu 40. Mshindi amebadilika na hakuna kifaa hata kimoja kilichoguswa. Kwa sababu hiyo uzito uandikwe na kusainiwa kabla ya mchoro wa kwanza kuonekana. Timu inayopanga uzito ikiwa tayari na kipenzi chake italifikisha jedwali pale inapotaka, mara nyingi bila kujua kwamba inafanya hivyo. Na kama alama zenyewe ni makisio, tofauti ya pointi tatu haina maana: kukosea alama moja tu ya uhakika kwenye uzito ule wa kwanza kunahamisha pointi 5.

Stuart Pugh wa Chuo Kikuu cha Strathclyde aliepa tatizo hili kwa kuacha namba. Wazo moja linakuwa kipimo, na mengine yanapewa jumlisha, toa au sawa dhidi yake. Kwa wanafunzi naiona hii kuwa bora kuliko jedwali la uzito. Alama ya kutoa inaleta swali lenye faida: kwa nini wazo lako ni dhaifu hapa, na je, tunaweza kuazima dawa kutoka kwa wazo jingine? Mjadala unatoka kwenye kushinda na kuingia kwenye kurekebisha.

Wenye kupenda majaribio nao wana haki. Jedwali haliwezi kusema kama koleo litashika kipande kilicholala mshazari. Plaiwudi ya milimita 6, servo moja (mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiagiza), mpira wa kufungia na betri vinasema jioni ileile. Wekeni kipande katika hali tatu, yaani kimenyooka, kimekingama, kimelala mshazari. Jaribuni mara 20 kwa kila hali, mtu mmoja aendeshe, mwingine ahesabu na kushika saa. Koleo kwa kawaida litadai kifundo cha kugeuza mkono ili lilingane na kipande. Magurudumu yatameza haraka bila kujali mkao, lakini yatavuta viwili kwa mpigo na kuvunja kanuni ya kubeba kimoja. Msidanganywe na tofauti ndogo: 17 kati ya 20 dhidi ya 19 kati ya 20 si ushindi, ni bahati inayoweza kugeuka kesho.

Majaribio yana mtego wake pia. Wazo lililojengwa kwanza hushinda kwa sababu tu lipo mezani, hasa likiwa la mwenye funguo za chumba cha vifaa. Na jaribio la sehemu moja halionyeshi sehemu zikikutana. Ili kufika sentimita 109 kutoka kwenye mwili usiozidi 45.7, mnahitaji reli za kuteleza za hatua tatu au nne, zile za jamii ya reli za droo za kabati, na kila hatua lazima ibaki na sehemu ndani ya mwenzake isije ikayumba. Reli hizo zinakula nafasi ileile ambayo magurudumu ya kumeza yanaitaka. Zikinyanyuka zikiwa na mzigo juu, dereva akikata kona ghafla, roboti inapinduka. Kwa hiyo kabla ya kufunga uamuzi, tengenezeni sanduku la kadibodi la sentimita 45.7 na kuvipanga ndani vipande vya kadibodi vyenye ukubwa halisi wa mota, betri, reli na koleo. Mgogoro mwingi huishia hapo.

Kuna na upande wa tatu, wa wanaosema nahodha mmoja aamue. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na kalenda ni fupi. Kwa FIRST Robotics Competition, mashindano ya roboti kubwa zaidi, ambako mchezo hutangazwa Januari na mashindano ya kwanza hufuata baada ya wiki chache, hoja hii ina nguvu. Ina nguvu zaidi kwa timu za Kenya au Tanzania zinazokwenda FIRST Global, mashindano ya mataifa, ambako kila nchi hupeleka timu moja na zote hupewa kisanduku kimoja cha vifaa. Gia ikivunjika, nyingine haipatikani duka la jirani. Lakini nahodha aamue kuhusu tarehe na mgawanyo wa kazi. Muundo aliouamua peke yake utajengwa na watu wasioujua kwa nini uko hivyo, na siku kamba itakaporuka kwenye puli katikati ya mashindano, hakuna atakayejua pa kugusa.

Ninavyoona mimi, jedwali litumike kukata mawazo kumi yabaki mawili au matatu, na majaribio yachague kati ya hayo. Mwili wa kutembelea, yaani fremu na magurudumu ya kuendea, uamuliwe mapema, pembeni ya mjadala huu, usije ukarudi kila kikao. Pangeni tarehe ya kufunga muundo kwa kuhesabu nyuma kutoka siku ya mashindano, mkiacha wiki tatu nzima za madereva. Dereva mwenye saa 20 kwenye roboti ya kawaida atamshinda mwenye saa mbili kwenye roboti ya ajabu.

Wazo lililokataliwa liandikwe kwenye daftari pamoja na jina la mwenyewe, sababu iliyopimwa, na sharti la kulirudia, kwa mfano "tutayarudia magurudumu tukipata namna ya kuzuia kipande cha pili." Mwenyewe apewe sehemu ya muundo ulioshinda aijenge, tena sehemu yenye uzito, kama kifundo cha koleo, na awe ndiye atakayeieleza mbele ya waamuzi.