Steringi aliyekufa ndiye waliyempenda

Tangu filamu ya Kihindi Game Changer ianguke sokoni Januari 2025, kuna maneno yanayorudiwa kila inapotajwa: watazamaji wa Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, wameharibika, filamu yenye ujumbe hawaitaki tena, wanataka damu na vichekesho. Wanaosema hivyo wana mfano mkononi. Filamu hii ya mwongozaji Shankar, ambayo nyota Ram Charan anapambana na ufisadi, ilitoka tarehe 10 kuelekea sikukuu ya Sankranti. Siku nne baadaye ikaingia Sankranthiki Vasthunam, vichekesho vya kifamilia vya Venkatesh, vilivyogharimu sehemu ndogo tu ya fedha zile, na mtayarishaji ni yule yule, Dil Raju. Ya pili ikajaza kumbi, ya kwanza ikapotea. Basi ikahitimishwa kwamba watu hawa huilalamikia rushwa mchana kutwa, ila jioni hawataki kulipa kuitazama ikipigwa vita.

Naona wamesingiziwa.

Wanaoitetea filamu hawana hoja za kutupa. Ilivuja mtandaoni ikiwa na picha safi mara tu ilipotoka, hadi watayarishaji wakaenda kwa polisi wa makosa ya mtandao. Ushindani wa mashabiki wa Kitelugu ni mkali, na wapo walioiponda kabla hawajaiona. Tena kuna hoja ya nyota mwenyewe, ambayo naiheshimu: ofisa anayekataa bahasha hapigiwi makofi popote duniani isipokuwa kwenye sinema. Akichezwa na Ram Charan, kuna mtoto wa kijijini katika jimbo la Andhra Pradesh atakayetamani kuwa kolekta, yaani mkuu wa wilaya wa utumishi wa umma, badala ya kutamani kuwa jambazi mwenye shoka. Hilo si dogo.

Lakini watazamaji walisema nini hasa? Ukiyasoma maoni yao, wengi hawakulalamika kwamba filamu inahubiri kupinga rushwa. Walilalamikia mapenzi ya chuoni yasiyo na uhai, nyimbo ambazo zilitajwa kula krori 75 (krori 1 ni milioni 10, kwa hiyo ni rupia milioni 750), na mkuu wa wilaya ambaye kila ovu analiponya kabla wimbo unaofuata haujaanza. Halafu watu wale wale, mara nyingi katika maoni yale yale, wakaongeza: ila sehemu ya Appanna ni nzuri sana.

Mimi niliitazama sebuleni kwa shemeji yangu, baada ya kuwekwa mtandaoni kwenye Prime Video mwezi Februari. Tulikuwa watu sita. Katika nusu ya kwanza vijana wawili walikuwa kwenye simu zao, mmoja akaenda kuchemsha chai na hakuomba isimamishwe. Ikafika hadithi ya nyuma: Appanna, baba wa mkuu wa wilaya, naye anachezwa na Ram Charan, mwanaharakati wa kijijini aliyeanzisha chama kisichotaka fedha za wafanyabiashara. Ana kigugumizi. Anasimama mbele ya watu, mdomo unafunguka, shingo inakaza, neno halitoki. Pale sebuleni simu zilishushwa bila mtu kuambiwa. Aliyekuwa jikoni alirudi akasimama mlangoni na birika mkononi mpaka Appanna alipouawa.

Sisi tuliokua na filamu hizi, ziwe zimetafsiriwa kwa sauti au tumezikisia wenyewe, tuna msemo wetu: steringi hafi. Hapa steringi mmoja anakufa na mwingine habanduliki hata ukucha, na waliotazama wakampenda anayekufa. Kwa nini? Kwa sababu Appanna ndiye pekee ambaye ufisadi unamgharimu kitu. Anayemsaliti ni mwenzake wa chamani, aliyechoka kuwa mwadilifu na maskini, akajiambia kwamba bila fedha hakuna chama kinachoshika dola. Hiyo ni rushwa tunayoijua: inaanza na mtu wa kawaida, mwenye sababu yake, anayeweza kukueleza kwa upole kwa nini safari hii haina budi. Bobbili Mopidevi wa S. J. Suryah, waziri mwenye kelele na vituko, anafurahisha kumwangalia, lakini hakuna anayemwona akasema huyu namfahamu.

Na Shankar alilijua hili zamani. Katika Indian ya mwaka 1996 kuna binti aliyeungua moto, na baba yake, mzee aliyepigania uhuru, hataki kutoa hongo ili ahudumiwe. Anahangaishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na binti anakufa. Baadaye mwanawe mwenyewe, mkaguzi wa magari, anapitisha basi lenye breki mbovu kwa sababu ya fedha, na watoto wa shule wanakufa. Mzee anamuua mwanawe. Ukikubali au ukikataa hukumu ile ya kutisha, huwezi kusema rushwa ndani ya filamu hiyo ni neno tu. Ina uzito wa mwili wa mtoto. Watu waliijazia kumbi miaka karibu thelathini iliyopita, na walipoulalamikia mwendelezo wake, Indian 2, mwaka 2024 walikuwa wanakumbuka hicho.

Anayedhani watazamaji wa Kitelugu hawataki mambo haya namwomba aikumbuke pia Rangasthalam ya mwongozaji Sukumar, ya mwaka 2018. Nyota ni huyu huyu Ram Charan. Anacheza Chitti Babu, asiyesikia vizuri, kazi yake kumwagilia mashamba ya watu kwa pampu. Mwenyekiti wa kijiji amekalia kiti miaka thelathini. Chama cha ushirika kinakopesha wakulima, hesabu haziko wazi, na anayeshindwa kulipa shamba linakwenda. Kaka yake Chitti Babu anarudi kutoka Dubai, anauliza maswali, anagombea kiti, anauawa. Ufisadi wote wa filamu ile unaingia ndani ya daftari moja la mikopo. (Mtu yeyote aliyewahi kupeleka mazao kwenye chama cha msingi na kusubiri malipo ya pili hahitaji kutafsiriwa.) Rangasthalam ilikuwa miongoni mwa filamu za Kitelugu zilizofanya vizuri kuliko zote mwaka ule. Mwaka huo huo Bharat Ane Nenu, ambayo Mahesh Babu ni waziri kiongozi (mkuu wa serikali ya jimbo) kijana anayetoza faini kali za barabarani na kutaka vijiji vijiamulie mambo yake, nayo ilipokewa vizuri. Ujumbe haukumfukuza mtu.

Sasa nije kwenye namba ambayo mimi haijanitoka kichwani: 186. Siku moja baada ya filamu kutoka, watayarishaji walitoa bango lililosema imeingiza krori 186 duniani kote siku ya kwanza. Wanaofuatilia mapato ya filamu walikuwa na makadirio ya chini sana, na bango likazua ubishi mkubwa kuliko filamu yenyewe. Najua mabango ya aina hii ni mazoea ya soko lile, na nyota wengine nao wanayo ya kwao. Lakini jiweke mahali pa mtazamaji. Huko Andhra Pradesh serikali iliruhusu onyesho la saa saba usiku kwa tiketi ya rupia 600. Kijana amelipa. Amekaa karibu saa tatu akielezwa kwamba nchi inaangamia kwa sababu walio juu wanadanganya, na kwamba mwananchi asikubali. Ametoka, amelala kidogo, amefungua simu, amekutana na hesabu ambayo kiti kitupu cha pembeni yake kinaikataa. Akiihoji anaambiwa ana chuki. Mimi nasema amelielewa somo la filamu kuliko waliolitengeneza. Amefanya kile ambacho Ram Nandan, yule mkuu wa wilaya wa filamu, angemsihi afanye.

Kuna jingine ambalo watetezi huwa wanalipita haraka. Mtelugu hatazami siasa za sinema kama ndoto ya mbali. N. T. Rama Rao alitoka kucheza miungu kwenye filamu, akaanzisha chama cha Telugu Desam mwaka 1982, na Januari 1983 alikuwa waziri kiongozi. Chiranjeevi, baba yake Ram Charan, alicheza Tagore mwaka 2003, profesa anayewateka na kuwaua maofisa wala rushwa. Mwaka 2008 akaanzisha chama, mwaka 2009 kikapata viti 18 vya bunge la jimbo, na mwaka 2011 kikamezwa na chama cha Congress. Pawan Kalyan, baba mdogo wa Ram Charan, ndiye naibu waziri kiongozi wa Andhra Pradesh tangu 2024, na alikuwa mgeni rasmi kwenye hafla ya kuitangaza Game Changer kule Rajahmundry. Sisemi kuna haramu iliyofanyika. Filamu nyingine kubwa za sikukuu ile nazo ziliruhusiwa kupandisha bei. Nasema mtazamaji huyu amekwishapiga kura kwa steringi. Anajua hotuba inavyosikika kwenye pazia na inavyosikika miaka mitatu baada ya uchaguzi. Mtu wa namna hiyo ukimpa shujaa anayefukuza wezi kwa siku moja, hawezi kukushangilia kama zamani, na kosa si lake. Amekomaa. Ukimpa Appanna, ambaye hata kuhutubia hawezi, atashusha simu.

Baada ya filamu kutoka, Shankar mwenyewe alisema hakuridhika nayo kikamilifu, kwamba picha zote zilikuwa zaidi ya saa tano na ilibidi mambo mazuri yakatwe kwa ajili ya muda. Iliyofika kumbini ilikuwa na dakika 165, na mapenzi ya chuoni yamo, nyimbo zenye mamia ya wachezaji zimo. Wimbo mmoja ulioachwa mwanzoni kwa tatizo la kiufundi ulirudishwa baada ya siku chache. Katika zile saa zaidi ya mbili zilizobaki chumba cha uhariri, ningependa kujua Appanna alikuwa na dakika ngapi.