Kituo cha nane: gharama ya laini iliyosawazishwa kupita kiasi

Mpe mhandisi wa uzalishaji orodha ya kazi na saa ya kupimia, naye atakuletea laini ya kuunganisha bidhaa, yaani mfululizo wa vituo vyenye mtu mmoja mmoja, ambamo hakuna kituo kinachokaa bure. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme zamu ina dakika 450 za kazi na zinatakiwa bidhaa 300: kila sekunde 90 lazima itoke bidhaa moja. Kama kazi zote za kuunganisha bidhaa hiyo zinachukua jumla ya sekunde 624, ukigawa kwa 90 unapata 6.9, yaani vituo 7. Sekunde 624 za kazi kati ya 630 zinazolipiwa (vituo 7 mara sekunde 90) ni ufanisi wa asilimia 99. Ukiweka vituo 8 unashuka hadi asilimia 87 hivi, na mhasibu atauliza huyo mtu wa nane analipwa kwa kazi gani.

Swali lake si la kipuuzi. Mwaka 1913, huko Highland Park, Marekani, kampuni ya magari ya Ford walianza kusogeza chasisi, yaani fremu ya gari, kutoka fundi mmoja hadi mwingine badala ya mafundi kuifuata ilipo. Katika miezi michache, muda wa kuunganisha chasisi moja ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93. Pale bidhaa ni moja na inatakiwa kwa wingi, kupanga karakana kwa aina ya mashine, za kukereza upande huu na za kutoboa upande ule, hakuwezi kushindana na laini. Mzigo unazunguka mno, na vitu vilivyokamilika nusu vinarundikana vikisubiri zamu yao.

Lakini zile sekunde 624 ni wastani tu. Bolti hugoma kuingia, kifaa huja na kasoro, mkono huchoka saa za mchana. Tuchukulie vituo 7 vimejazwa hadi ukingoni, na kila kimoja humaliza kwa wakati mara 9 katika kila 10. Ikiwa kuchelewa kwa kimoja hakutegemei kingine, uwezekano wa bidhaa kupita vyote saba bila kukwama popote ni asilimia 48. Hata nusu haifiki! Sasa chukua vituo 8 vilivyoachiwa nafasi ya kupumua, kila kimoja kikimaliza kwa wakati mara 98 katika 100: uwezekano unakuwa asilimia 85. Huo ndio mshahara wa mtu wa nane. Mhasibu haoni kwa sababu gharama ya kukwama haiandikwi kwenye safu moja na mishahara. Inajitokeza kwenye malipo ya saa za ziada na kwenye bidhaa zinazorudishwa kurekebishwa.

Wanaopinga kuongeza kituo nao wana hoja, tena nzito. Nafasi ikizidi, uzembe hujificha ndani yake, na kasoro ambayo ingesimamisha laini leo huvumiliwa mwaka mzima. Kwa hiyo mimi ningeongeza kituo, lakini ningetaka kila kukwama kuandikwe pamoja na sababu yake.

Kuna pia suala la binadamu, ambalo fomula hazina nafasi yake. Mwaka huohuo wa 1913, kiwango cha wafanyakazi kuacha kazi Ford kilifika takriban asilimia 370, na Januari 1914 kampuni ikatangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ujira wa awali. Volvo walijaribu njia iliyo kinyume kabisa: katika kiwanda chao cha Uddevalla, Uswidi, kilichofunguliwa mwaka 1989, vikundi vidogo viliunganisha gari zima bila laini. Kilifungwa mwaka 1993. Wanaotetea laini hukitaja kama ushahidi, ingawa mauzo ya Volvo yalikuwa yameshuka wakati huo, na kiwanda kinachofungwa soko likiwa baya hakithibitishi mengi kuhusu mpangilio wake.

Kosa ninaloliona kubwa zaidi ni kuchora mpangilio wa sakafu ya kiwanda kwanza, kisha kusawazisha kazi baadaye. Mahitaji yakishuka kutoka 300 hadi 240, muda kwa kila bidhaa unakuwa sekunde 112.5, na vituo 6 vinatosha. Kwenye laini iliyonyooka yenye mashine zilizofungwa sakafuni, kumpunguza mtu mmoja maana yake mwingine atembee kati ya vituo vilivyo mbali. Ukiipinda laini iwe na umbo la U, mfanyakazi aliye katikati anageuka tu na kushika kazi ya upande wa pili. Ila huyo lazima ajue kazi mbili au tatu, na kumfundisha kunachukua muda ambao mpango wa uzalishaji hauutengi. Tena akishajua kazi tatu, ana haki ya kudai ujira tofauti na wa anayejua moja. Viwanda vingi vinataka umbo la U bila kulipia sehemu hiyo.